Biti 24 pekee hazithibitishi ubora

SWALI: Nina santuri ya albamu ya dansi ya miaka ya 1970 niliyorithi kwa baba. Hivi karibuni nimenunua faili la albamu hiyo hiyo, la biti 24 na kilohezi 192, lakini santuri bado inanipendeza zaidi. Je, ni kweli kwamba dijitali haiwezi kuifikia santuri? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, masikio yako hayakudanganyi, lakini kosa si la dijitali. Kwa vipimo santuri haishindani: tofauti kati ya sauti yake ya juu kabisa na mkwaruzo wa sindano huwa takriban desibeli 60 hadi 70, ilhali CD ya kawaida ya biti 16 hufikia 96.

Kinachonikera, kwa kuwa nakutana nacho kila mara, ni imani kwamba tarakimu hizo za 24 na 192 zinaeleza ubora wa muziki. Zinaeleza ukubwa wa chombo tu, na wali wa kilo moja hauongezeki kwa kuhamishiwa kwenye sufuria kubwa. Yeyote mwenye kompyuta anaweza kuchukua MP3 ya kilobiti 128, yaani faili dogo lililopunguzwa sehemu ya sauti, na kuigeuza kuwa faili la biti 24, na hakuna programu itakayomkatalia. Lifungue faili lako kwa Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, uangalie spektogramu, yaani picha inayoonyesha sauti nene chini na nyembamba juu: ukiona picha imekatika ghafla karibu na kilohezi 16, wimbo baada ya wimbo, yaelekea umeuziwa MP3. Kisha angalia mchoro wa kawaida wa mawimbi: ukiona yamejaa juu hadi chini mfululizo, aliyeliandaa ameibana sauti ili isikike kubwa, na ngoma zimepoteza mshindo ambao santuri yako ingali nao.

Wanaodai kwamba dijitali huua muziki nao wakumbuke kuwa mwaka 2022 ilibainika kwamba kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani ilikuwa imetumia hatua ya dijitali kutengeneza santuri nyingi ambazo mashabiki walizisifu kuwa za analogi tupu, yaani zisizopitia dijitali kabisa.

Kwa hiyo usinunue faili lolote kabla muuzaji hajakueleza limetokana na nini: utepe asilia wa studio, santuri, au faili jingine. Jihadharini pia na wanaoahidi kuhamishia santuri za familia kwenye flashi papo kwa papo. Upande mmoja wa albamu huchukua takriban dakika 20 kuchezwa. Anayekurudishia baada ya dakika tano hakuigusa santuri yako, bali ameipakua MP3 mtandaoni.