Mwenye elfu 50 anayetafuta kibodi, soma hapa kabla hujaenda Kariakoo

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Laptopu yako herufi A na N zimekufa, una ripoti ya chuo ya kumaliza kabla ya mwisho wa mwezi, mfukoni una elfu 50. Kariakoo wamekuonyesha mbili: moja wanaiita ya mekanikali, ina taa za rangi, nyingine ni seti isiyo na waya pamoja na mausi yake. Unauliza uchukue ipi. Mimi nakushauri uziache zote mbili, na nitakueleza kwa nini.

Nachapa kazi za watu kwenye stesheneri Ubungo, huu ni mwaka wa 11. Barua za kuomba kazi, mikataba ya kupanga nyumba, ripoti za fildi, tasnifu. Msimu wa wanafunzi kukusanya kazi nakaa mezani tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku. Kibodi kwangu ni jembe. Likiwa bovu, shamba halilimwi.

Kwanza hizo herufi zako. A kufa mapema si ajabu hata kidogo. Ukichapa Kiswahili hakuna herufi inayopigwa kama A. Andika anwani tu uone: Tanzania ina A tatu, Dar es Salaam ina nne. Hapa pembeni yangu nina kibodi ya zamani niliyoiacha kwa ajili ya vipuri. Kitufe cha A hakina maandishi tena, kimebaki cheusi kinachong'aa kama kimepakwa mafuta, na katikati kimebonyea kidogo mahali ncha ya kidole inapotua. N imebaki mguu mmoja. I na U zinafifia. Q iko kama siku ilipotoka kwenye boksi, na X ingekuwa hivyo hivyo kama isingekuwa kukata na kubandika. Kwa hiyo ukishikishwa kibodi iliyotumika, usiangalie kava wala waya kwanza. Angalia A. Kama inang'aa huku jirani zake zimefifia sawasawa, jua imefanya kazi ofisini miaka mingi, na bei ishuke kulingana na hali hiyo.

Sasa nikueleze kilichomo ndani, maana ukikijua hutadanganywa dukani. Miaka minne iliyopita mteja alimwaga kikombe kizima cha chai ya maziwa juu ya kibodi yangu. Nilichomoa waya haraka, nikaigeuza kichwa chini, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi spesi ikawa inagandia na safu nzima ya herufi haiandiki. Nikaifungua skrubu zote. Ndani kulikuwa na shuka moja la mpira lenye vichuguu vidogo, kila kitufe na kichuguu chake. Chini yake karatasi tatu za plastiki laini: ya juu na ya chini zimechorwa njia nyembamba za kupitisha umeme, ya katikati ina matundu tu. Ukibonyeza kitufe, kichuguu kinalala, karatasi ya juu inagusa ya chini kupitia tundu, herufi inaandikwa. Basi. Chai ilikuwa imeingia katikati ya zile karatasi, ikakauka na sukari yake. Nilizifuta kwa kitambaa chenye maji kidogo, nikazianika kivulini. Spesi ilipona, ila ile safu haikurudi kwa sababu njia zake zilikuwa zimeshaliwa. Tangu siku hiyo chai inanyweka nje ya kaunta, na wateja wangu wote wamezoea.

Hizo ndizo kibodi za mpira, na ndizo utakazokutana nazo nyingi kwa bajeti yako. Usizidharau. Watengenezaji wengi huziandikia uhai wa kubonyezwa mara milioni 5 hadi 10 kwa kila kitufe, na kwa mwanafunzi huo ni umri mrefu. Tofauti ya nzuri na mbaya iko kwenye ule mpira na kwenye uzito wa kava. Mpira mbaya ni mgumu siku ya kwanza na umelegea mwezi wa tatu. Kava jepesi linabonyea katikati ukichapa kwa kasi, na kibodi inatembea mezani.

Za mekanikali ni kitu kingine. Kila kitufe kina swichi yake na springi yake. Kampuni ya Ujerumani iitwayo Cherry ndiyo iliyozifanya zijulikane, na hataza yao, yaani haki ya kuzitengeneza peke yao, ilipoisha viwanda vya China vikaanza kutengeneza za aina hiyo, ndiyo maana bei imeshuka mpaka zikafika kwetu. Swichi ya kawaida inashuka milimita 4, lakini herufi inaandikwa ukifika nusu ya njia, kwa hiyo ukizizoea huhitaji kugonga mpaka chini na vidole havichoki. Uhai wake huhesabiwa kuanzia milioni 50. Rangi ya swichi ina maana: nyekundu inateleza moja kwa moja, kahawia ina kinundu kidogo unachokisikia kidoleni, bluu inalia taki kila unapobonyeza.

Ni nzuri kweli, sibishi, na kama ungekuwa na laki na nusu ningekuambia uitafute. Lakini kwa elfu 50, ile waliyokuonyesha ina uwezekano mkubwa kuwa ni ya mpira iliyovalishwa taa. Nyingi zinaandikwa kwenye boksi kwa ujanja kwamba zina hisia ya mekanikali. Kipimo ni rahisi. Omba ruhusa ya kung'oa kitufe kimoja, kwa mfano F12, kwa kukivuta taratibu kwenda juu kwa kucha mbili. Ukiona kiboksi cha rangi chenye alama ya kujumlisha juu yake, hiyo ni swichi ya kweli. Ukiona tundu lenye bomba la plastiki, na chini yake mpira mweupe au wa kijivu, ni ya mpira, hata iwake rangi zote za upinde wa mvua. Muuzaji akikataa kabisa kitufe kisiguswe, hapo mshukuru uendelee na safari.

Na kuna jambo ambalo watu wa video za intaneti hawalisemi, kwa kuwa hawaishi tunakoishi. Wengi wetu tumepanga vyumba ambavyo ukuta umeishia njiani na dari ni moja kwa nyumba nzima. Kikohozi cha chumba cha tatu unakisikia. Swichi ya bluu saa sita usiku kwenye nyumba ya namna hiyo ni ugomvi na mama mwenye mtoto mchanga, na atakuwa na haki.

Seti isiyo na waya sina mengi ya kuisema. Inategemea betri, na inategemea kile kipokezi kidogo kama ukucha kinachochomekwa kwenye USB. Kikipotea, mara nyingi kibodi na mausi vyote vimekwenda. Cha kwangu kilipotea kwenye daladala nikitoka Posta, na betri za bei rahisi zilishavuja mara mbili zikala springi za shaba. Kwa anayekaa na laptopu yake mezani kama wewe, waya ni rafiki. Unachomeka, unafanya kazi, umemaliza.

Ningekuwa mimi na elfu 50 yako, ningetafuta mojawapo kati ya mbili. Ya kwanza ni kibodi mpya ya waya, ya kawaida kabisa, ya kampuni inayojulikana kwa kazi za ofisini: Logitech K120, au Dell KB216, au za HP za aina hiyo. Hazina taa. K120 imetengenezwa na njia za kutolea maji chini yake, na baada ya ile chai mimi hilo nalithamini sana. Niliyonayo sasa nililipa 28,000 na ina miaka miwili.

Ya pili ni ile iliyotumika, iliyokuja na kompyuta za mezani kutoka Ulaya. Wauzaji wa kompyuta za mtumba huwa nazo zimerundikwa kwenye maboksi nyuma ya duka, hawazioni kama bidhaa. Nilichagua moja kati ya kama ishirini, nzito, A yake bado ina ukali, nikalipa 12,000. Ndiyo anayoitumia mdogo wangu mpaka leo.

Lakini kwenye hizo za mtumba fungua macho. Tazama maandishi juu ya namba 2. Ukiona @, ni mpangilio wa Marekani. Ukiona alama za kunukuu, na kwenye 3 kuna alama ya pauni, ni ya Uingereza, na Enter yake ni ndefu kwenda juu. Zote mbili zinafaa, mradi uingie kwenye mipangilio ya lugha ya kompyuta uchague inayolingana, la sivyo kila ukiandika baruapepe utapata alama usiyoitaka. Ya Ujerumani imebadilishana Y na Z. Ya Ufaransa ndiyo ya kuikimbia: A imekaa mahali pa Q, na M imehamia pembeni ya L. Kwa mtu anayechapa Kiswahili, kuhamishiwa A ni sawa na kuhamishiwa mlango wa nyumba yako.

Kuhusu ukubwa, kama unachapa takwimu chukua yenye namba pembeni upande wa kulia. Mimi siwezi kuishi bila hizo namba kwa sababu ya ankara na orodha za mishahara. Kama ripoti yako ni maneno matupu, fupi isiyo na namba inatosha, na mausi inakaa karibu na mkono. Ile fupi kabisa ya vitufe 61 iache, haina hata mishale.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni kujaribu kabla ya kulipa. Nunua adapta ya OTG, ile ya kuunganisha simu na USB. Yangu ilikuwa 3,000. Nenda nayo dukani na simu yako. Simu nyingi za Android zinapokea kibodi ya waya papo hapo bila kusakinisha chochote. Mara ya mwisho nilimwambia kijana wa dukani, "Kaka, naomba niijaribu kwanza." Akasema, "Bosi, hii mpya kabisa, haina shida." Nikamjibu, "Nakuamini, nataka vidole vyangu viisikie." Akafungua boksi, na hata yeye akapenda ile njia, akaniuliza adapta nimepata wapi.

Fungua sehemu ya kuandikia ujumbe uchape kwa kasi yako ya kawaida, si kidole kimoja kimoja. Chapa jina lako na anwani yako yote. Chapa ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, mara tano tano, uone kidole kidogo cha kulia kinafika kwenye ile alama ya juu bila kutafuta, maana Kiswahili hakikwepi ng'. Kisha bonyeza spesi kwenye ncha ya kushoto kabisa, na ya kulia kabisa. Kibodi mbovu inajitaja hapo: katikati inashuka vizuri, pembeni inakwama. Fanya vivyo hivyo kwa Enter na Shift zote mbili. Funga macho, papasa F na J, vinundu vyake uvisikie. Halafu weka kiganja katikati ya kibodi ukandamize kidogo. Ikibonyea kama mfuniko wa ndoo, irudishe.

Ukiridhika omba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na muulize siku ngapi unaweza kuirudisha. Mimi niliwahi kuuziwa yenye jina kubwa kwenye boksi na ndani kitu kingine, herufi zilikuwa za stika, zikabanduka kwa jasho la wiki mbili. Sikuwa na risiti, na duka halikunisikiliza. Pitisha ukucha juu ya herufi. Kama unasikia ukingo wa stika, iache hapo hapo.

Ukifika nayo nyumbani, ile miguu miwili ya nyuma usiikunjue. Najua karibu kila mtu anaikunjua. Inainua kibodi nyuma, viganja vinapinda kwenda juu saa zote unazochapa. Niliumwa kifundo cha mkono wa kulia karibu mwaka mzima, nikapaka dawa, nikafunga bandeji. Fundi mmoja wa viti ndiye aliyeniambia nikunje ile miguu na nipandishe kiti mpaka viwiko vilingane na meza. Baada ya kama mwezi maumivu yalianza kupungua, na sasa nachapa siku nzima.

Na laptopu yako usiipeleke kwa fundi kabla ya kumaliza ripoti. Kwenye laptopu nyingi kibodi ya ndani imepigiliwa kwenye kava kwa vijipini vya plastiki vilivyoyeyushwa, kazi yake si ya nusu saa. Chomeka ya nje, maliza ripoti, fundi baadaye. Ila kama ile A inajiandika yenyewe bila kuguswa, sema hapa, hiyo ina namna yake ya kuizima ndani ya kompyuta na nitakuelekeza hatua kwa hatua.