Chungulia Angani na Mjomba: Boksi limeandikwa mara 525, mbona naona ukungu mtupu?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mi niko Ngamiani hapa Tanga, nimeagiza darubini mtandaoni, kioo cha mbele milimita 70, fokasi 700, na boksi wameliandika kubwa kabisa INAKUZA MARA 525. Imekuja na aipisi mbili, yani zile lenzi ndogo za kuchungulia, H20 na SR4, pamoja na Barlow ya mara 3, lenzi ya kuongezea ukuzaji. Nikiweka ile 20 mwezi naupata safi, ila nikiweka 4 juu ya Barlow ndo balaa, Zohali ikawa kama kandili kwenye ukungu halafu ikakimbia, nyumbani wananicheka ati nimeliwa. Ninunue aipisi gani?
*Msomaji, Ngamiani*

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Darubini yako nzima, hujaliwa, labda kidogo tu kwenye lile boksi.

Hesabu yenyewe nyepesi, chukua fokasi ya darubini, yani umbali kutoka kioo cha mbele mpaka mwanga unapokutana, yako milimita 700, ugawe kwa namba iliyoandikwa kwenye aipisi. 700 kwa 20 ni mara 35. 700 kwa 4 ni mara 175, zidisha kwa Barlow ya 3 unapata hiyo 525 yao, kwa hiyo kwenye hesabu hawajadanganya, wamedanganya kwenye macho. Mana kioo kina kiasi chake cha kubeba, chukulia mara 2 kwa kila milimita ya upana, wako wa 70 unaishia mara 140 na hapo hewa iwe imetulia kweli. Ukivuka hapo mwanga ni uleule ulioingia mbele, we unautandaza tu, sawa na kikombe kimoja cha maziwa kwenye sufuria ya chai ya maulidi, jina chai ya maziwa lakini hebu onja. Kwa hiyo hata hiyo 4 peke yake bila Barlow ishapita mpaka.

Na kule kukimbia si darubini, ni dunia inazunguka. Ukikuza mara 525 kipande cha anga unachokiona ni kidogo mno, nyota inakikatiza kwa sekunde kama ishirini hivi, we bado unahangaika kuisafisha picha, nyota yenyewe ishatoka.

Sasa wanaokucheka waambie hivi, Galileo, yule Mtaliano mtazama nyota, mwaka 1610 aliona miezi minne ya Mshtarii kwa darubini ya kukuza mara 20 hivi. Ishirini! Pete ya Zohali alishindwa kuielewa, akaja Mholanzi Huygens akaeleza kwamba ni pete, mwaka 1659, na yeye alikuwa anakuza kama mara 50. Na ile H kwenye H20 yako ndo huyohuyo Huygens, ramani ya aipisi hiyo ni yake, ya karne ya 17, ndo mana uwanja wake mwembamba kama unachungulia tundu la ufunguo. Heshima yake iko palepale ila kuna vitu vimeshapita wakati.

We tafuta aina inayoitwa Plössl. Ina lenzi nne ndani, uwanja wake nyuzi kama 50, na kwa darubini ndefu nyembamba kama yako inatosha kabisa, hizo za bei mbaya zinawafaa zaidi wenye darubini fupi nene. Anza na ya milimita 10, inakupa mara 70, hapo Mshtarii utaiona na mikanda yake miwili na pete za Zohali utazitenganisha na mwili wake (kama uliangalia karibu na Machi 2025 usijilaumu, zilikuwa zimetugeuzia ubavu, nyembamba kama wembe). Ukipata hela tena nunua ya 32. Najua utasema mjomba hiyo inakuza mara 22 tu, ndiyo, na mimi hiyo ndo naipenda kuliko zote, mana zile nyuzi 50 ukigawa kwa 22 inakupa zaidi ya nyuzi mbili za anga, Kilimia chote, kile kishada cha nyota, kinaingia humo na nafasi inabaki, na mwezi mwandamo ukiutafuta kule magharibi jua likishazama kabisa utaupata nayo haraka, na ya 10 utachoka. Ya 40 achana nayo, shingo la inchi 1.25, pale unapochomeka aipisi, halina upana wa kukuongezea kitu. Pima shingo lenyewe kwanza kwa rula, likiwa sentimita tatu na kidogo ndo hilo, likiwa mbili na nusu ni saizi ya zamani, aipisi za siku hizi haziingii.

Yale masanduku ya aipisi kumi na vioo vya rangi usinunue, utatumia mbili nane zikae. Barlow nzuri ya mara 2 sawa, ikiungana na ya 10 inakufikisha 140, lakini usiku wa kuifaidi ni wa kuhesabu. Mawingu ya kwetu unayajua, waja leo waondoka leo. Na usichungulie juu ya mabati ya jirani, bati likishinda juani linatoa joto mpaka usiku na picha inacheza kama iko kwenye maji, utailaumu aipisi bure.

Halafu pwani hii kuvu inaota kwenye lenzi. Zifungie kwenye kopo la mfuniko pamoja na vile vipakiti vya silika vya kwenye boksi za viatu. Chumvi ya bahari ikitua usifute na kanga, inachuna, puliza kwanza kwa pampu ya mkono.

SWALI: Mjomba mi navaa miwani, nikichungulia kwenye aipisi ya 6 kope zinagusa kioo. Nifanyeje?
*Msomaji, Bagamoyo*

JIBU: Plössl ndogo ndivyo zilivyo bibie, ya 6 inataka jicho liwe milimita nne tano kutoka kwenye kioo, miwani itapita wapi. Kama tatizo lako ni kuona mbali au karibu tu, vua miwani uzungushe kifundo cha fokasi, picha inajirekebisha. Kama ni astigimatizimu, yani jicho lenye mpindo usio sawa, fokasi haiitibu, tafuta aipisi iliyoandikwa nafasi ya jicho (eye relief) milimita 15 mpaka 20.

SWALI: Kwenye boksi kuna kioo cheusi cha kufunga kwenye aipisi kimeandikwa SUN. Nikitumie kuangalia jua?
*Msomaji, Pangani*

JIBU: Hapana! Kioo hicho kinakaa palepale darubini inapokusanya moto wote wa jua, kinaweza kupasuka jicho lako likiwa hapo. Kichujio cha jua cha kweli kinafunika mdomo wa mbele wa darubini. Hicho kivunje leo kabla mtoto hajakiokota.