Maswali na Majibu: Shamba la Bibi na Jirani Yake

Bendera ya uhuru ilipandishwa kwa Mkapa, sivyo? (Msomaji, Mbagala)

Sivyo, na swali hili hunifikia kila Desemba. Uwanja wa Benjamin Mkapa umefunguliwa 2007. Bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 kwenye Uwanja wa Taifa wa zamani, ambao sasa ni Uwanja wa Uhuru, Shamba la Bibi kwa wenyeji. Viwanja hivi ni viwili na vimepakana. Anayedai wa zamani ulibomolewa, afike Temeke ajionee.

Na udongo wa Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulichanganywa wapi?

Ukumbi wa Karimjee. Tuwasomeshe watoto vizuri.

Tuna uwanja wa watu 60,000. Kwa nini Simba ilipelekwa Zanzibar kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2025? (Shabiki, Tabata)

Kwa sababu ya nyasi. Machi mwaka huo CAF, shirikisho la soka Afrika, iliufungia Mkapa kwa muda kutokana na hali ya eneo la kuchezea, na Mei mechi ya marudiano na RS Berkane ikahamishiwa Amaan. Simba ilikuwa imefungwa 2-0 Morocco, ikatoka sare ya 1-1, kombe likaondoka. Wapo wanaolaumu mvua. Mvua hainyeshi Dar peke yake. Nyasi za asili zinataka kupumzika, kukatwa kwa wakati na mifereji inayopitisha maji. Sisi tunazichezesha Simba, Yanga na Taifa Stars, na palipobaki nafasi tunaleta shughuli yenye jukwaa, magari na maelfu ya watu wanaokanyaga katikati. Msimamo wangu ni uleule: anayekodi uwanja kwa jambo lisilo la mpira alipie na matengenezo ya nyasi, fedha zikae kwenye akaunti ya uwanja, na mechi isipangwe mpaka mtunza nyasi aseme ndiyo. Huyo ndiye mtu wa kwanza kuulizwa, kabla ya mgeni rasmi.

Basi shughuli zisizo za michezo zipigwe marufuku? (Mwalimu, Morogoro)

Hapana, mwalimu. Shamba la Bibi halijawahi kuwa la mpira tu. Ndipo Watanzania walipomuaga Mwalimu Nyerere Oktoba 1999. Kikwete aliapishwa hapo 2005, Magufuli 5 Novemba 2015. Taifa linahitaji mahali pa kukusanyika, na pale panafaa.

Ninachopigania ni mageti. Machi 2021, watu walipokwenda kuuaga mwili wa Rais Magufuli kwenye uwanja huohuo, 45 walifariki kwa kukanyagana. Walikwenda kuaga tu. Kwenye mechi tunajua tumeuza tiketi ngapi, kwa hiyo tunajua lini pa kufunga. Shughuli ya bure haina tiketi, na hapo ndipo hatari ilipo: nani anahesabu? Wagawiwe kadi za kuingilia hata kama hazina bei, foleni zianzie mbali na ukuta, na mageti ya kutokea yawe wazi muda wote. Sijaona sababu ya kukubali chini ya hapo.

Simba ilifungwa na Stella Abidjan uwanja gani 1993?

Shamba la Bibi, 2-0, Rais Mwinyi akiwa jukwaani.

Viti vinavyong'olewa ni kosa la walinzi? (Yanga damu, Ilala)

Ni kosa la anayeng'oa. Oktoba 2016 viti viling'olewa kwa Mkapa kwenye dabi ya Simba na Yanga, na Serikali ikazizuia klabu zote mbili kuutumia uwanja huo. Aliyekaa kwa utulivu akaadhibiwa pamoja na mharibifu. Ukimwona jirani yako anapiga kiti teke, mwite askari. Kile kiti ni kodi yako.

Nataka kumpeleka mwanangu wa miaka sita kwenye dabi. Nifike saa ngapi? (Mama, Kigamboni)

Mechi ikiwa saa 11 jioni, muwe mmeshakaa saa 8 mchana. N-Card, kadi ya kulipia kiingilio, iwe na salio tangu jana yake, maana wanaohangaika na simu mbele ya geti ndio wanaosababisha msongamano. Mshike mtoto kifundo cha mkono, vidole huteleza. Andika namba yako kwenye karatasi, itie mfukoni mwake. Ukiona watu wamebanana getini na wa nyuma wanasukuma, geuka mapema ukasimame pembeni mpaka pafunguke, hata kama filimbi imeshapigwa. Na msitoke pamoja na wimbi la kwanza. Kaeni kitini robo saa.