Mwanao Mwenye Usonji na Mashindano: Usimtoe Haraka

Wiki iliyopita dada mmoja wa Tanga ameniandikia. Mwanawe ana miaka 11, ana usonji (autism), na anapenda drafti kuliko chakula. Tatizo ni pale anapofungwa: anapindua ubao, anapiga kelele, anakimbilia uvunguni mwa kitanda. Shangazi zake wanasema ni wivu na kudekezwa. Mama anauliza amtoe kwenye mashindano ya shule au amwache.

Dada yangu, usimtoe. Mimi mwenyewe nina usonji, niligunduliwa ukubwani, na mwezi uliopita nimechukua ubingwa wa bao mtaani kwetu mbele ya wazee waliokuwa wakicheza kabla sijazaliwa. Ninajivunia, sifichi. Lakini kabla ya kufika hapo nimepita pabaya.

Shuleni kwetu, siku ya kufunga, tulipangwa mstarini na mwalimu akasoma majina kuanzia wa kwanza. Nikiwa darasa la sita nilisomwa wa tatu. Nikapewa madaftari, watu wakapiga makofi. Nyumbani nikaijumlisha ripoti yangu, maana nilikuwa najumlisha kila kitu chenye namba, nikakuta mwalimu amenizidishia alama 2. Bila hizo nilikuwa wa nne. Shule ilipofunguliwa nikamrudishia ripoti pamoja na madaftari. Hakusema ahsante. Aliniuliza nani kanituma. Darasani wakaanza kuniita zuzu, na jina hilo likanifuata mpaka namaliza la saba. Mjomba wangu naye akasema mbele ya wageni kwamba mtoto huyu hana akili ya maisha.

Linaniuma mpaka leo, kwa sababu hakuna aliyeniuliza nilichokuwa nawaza. Nilitaka sana kuwa wa tatu. Nilitaka niwe wa tatu kweli, kwa alama zangu. Namba ikiwa ya uongo, makofi yake yananisumbua kama kelele za spika mbovu. Basi Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne bila orodha ya shule bora na watahiniwa bora kitaifa, wenzangu kazini walilalamika kwamba hamasa imekufa. Mimi nilifurahi. Alama za kila mtu zilibaki palepale.

Sisi wenye usonji hatufanani hata kidogo. Wapo wanaochukia mashindano ya aina yoyote, wapo wasiojali nani kashinda, na wapo kama mimi tunaotaka kushinda mpaka usingizi unakata. Ila wengi niliozungumza nao wanasema jambo moja: ushindani wenyewe si mzigo. Mzigo ni sheria zinazobadilishwa katikati, kelele, kusubiri bila kujua zamu yako ni saa ngapi, na kutakiwa utabasamu wakati huohuo unapofungwa.

Bao lilinishika kwa sababu kila kitu kiko wazi. Mashimo 32, kete 64. Mnaanza kila mmoja ana kete 10 ubaoni, 6 kati yake zimo kwenye nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji, na 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja. Hakuna bahati, hakuna kilichofichwa. Nikiishika komwe, mbegu tunayochezea kama kete, ile rangi yake ya kijivu na ulaini wake, nikaisikia ikigongana na mwenzake shimoni, mwili wangu unatulia. Kinachonitesa ni baraza. Watazamaji wanatamba, wanatania, wanakufundisha usichowaomba, mmoja anakuegemea begani. Kwao hiyo ndiyo raha ya bao. Kwangu ni kama kupigwa.

Sasa huu mpinduo wa ubao. Ninapocheza, nimeshaziona kichwani hatua zote mpaka kete ya mwisho ilipolala. Mwenzangu akila mahali nisipopatazamia, picha yote inabomoka kwa mpigo mmoja, na mwili unashtuka kabla akili haijaelewa. Mtoto wa miaka 11 ataupeleka wapi mshtuko huo? Waambie shangazi zake wivu hauko hivyo.

Kuna kijana wa California, Max Park, aliyegunduliwa na usonji akiwa mdogo sana. Vidole vyake vilikuwa na shida hata ya kufungua chupa ya maji, wazazi wake wakampa mchemraba wa Rubik, ule unaozungushwa mpaka kila upande uwe wa rangi moja, aviimarishe. Wakampeleka mashindanoni ajifunze kupanga foleni, kusubiri zamu, kukaa na watu. Tarehe 11 Juni 2023 aliupanga mchemraba kwa sekunde 3.13, rekodi ya dunia wakati huo. Ninachokipenda zaidi ni kwamba Feliks Zemdegs wa Australia, ambaye Max alimvunjia rekodi zake, ndiye aliyekuwa rafiki yake. Na angalia mchezo wenyewe: kila mshindani anapewa sekunde zisizozidi 15 za kuutazama mchemraba, kisha saa inahesabu. Hata aliyeshika mkia anaweza kuondoka na muda bora kuliko wake wa zamani, na muda huo hauna mjadala.

Hivyo mtafutie mwanao kitu cha kupima kinachobaki hata akifungwa. Mimi nina daftari. Kila mchezo naandika kete nilizokula na mahali nilipokwama, usiku naurudia peke yangu. Kubalianeni sheria kabla ya kuanza, zikiwezekana kwa maandishi, na msizibadilishe. Mketishe mgongo ukiwa ukutani. Mruhusu akifungwa atoke nje kwanza, apumue, mkono wa pongezi autoe akirudi. Mwambie mwalimu mapema ili asiitwe mtovu wa adabu. Mimi wazee wangu wa baraza walinielewa nilipowaeleza, na siku ya fainali mzee mmoja aliwanyamazisha watu wote mpaka tukamaliza.

Wazazi, na hili nalisema kwa uchungu: acheni kumlinganisha mtoto na mtoto wa jirani halafu mkaliita jambo hilo malezi. Walimu, msimcheke mtoto anayewaletea hesabu iliyokosewa. Anawaheshimu kuliko wanaowapigia makofi.

Dada, siku ya mashindano mpeleke mapema kabla ukumbi haujajaa. Muulize mwamuzi atakaa meza ipi na mchezo mmoja una dakika ngapi, umpe mtoto majibu hayo kama ulivyoyasikia. Akisema mwaka huu hataki, zungumza na mwalimu jina lake liondolewe, na mwakani mumuulize tena.