Mikono ya Wala Viazi

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni mwalimu wa sanaa katika shule ya sekondari. Katika toleo lililopita ulisema kwamba, kati ya michoro yote ya Ulaya uipendayo, ule wa Wala Viazi wa Vincent van Gogh ndio ulio karibu zaidi na moyo wako. Niliwaonyesha wanafunzi wangu nakala yake kando ya Mwanamke Anayemimina Maziwa wa Johannes Vermeer, na darasa zima likauchagua wa Vermeer. Wanasema watu wa Van Gogh wana sura mbaya na rangi zake ni za matope. Nilikosa la kuwajibu. Wewe unaona nini humo?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, nashukuru kwa swali lako, na uwafikishie wanafunzi wako pongezi zangu, kwa maana wamechagua mchoro ambao nami ninaupenda kwa dhati. Michoro hiyo yote miwili iko Amsterdam, katika majumba ya makumbusho yanayopakana na uwanja mmoja, na nilipojaliwa kufika huko niliitazama siku moja, wa Vermeer asubuhi na wa Van Gogh alasiri. Tangu siku hiyo, mchoro wa enzi yoyote ile huanza kuutazama kwenye mikono.

Mchoro wa Vermeer, wa miaka ya 1658 hadi 1660 hivi, ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, kwani haufiki nusu mita kwa upande wowote. Mtumishi wa jikoni amekunja mikono ya nguo yake, na ukisogea karibu utaona kwamba ngozi imeiva kwa jua hadi karibu na kifundo cha mkono, kisha inageuka kuwa nyeupe, kwa sababu siku nyingine zote nguo huifunika. Ukutani nyuma yake kuna msumari mmoja pamoja na kivuli chake. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022 na jumba la makumbusho linaloutunza mchoro huo ulionyesha kwamba Vermeer alikuwa ameanza kuchora ubao wa kutundikia magudulia papo hapo ukutani, kisha akaufunika kwa rangi, na naamini alifanya hivyo ili jicho letu libaki kwenye ule uzi mwembamba wa maziwa. Hata buluu ya aproni ile ilisagwa kutokana na jiwe la thamani lililotoka Afghanistan, rangi ya ghali mno, naye akaitumia kumpamba mtumishi.

Van Gogh alikuwa na umri wa miaka 32 alipochora Wala Viazi, mwaka 1885, katika kijiji cha Nuenen kusini mwa Uholanzi, baada ya kuchora vichwa vya wakulima kwa makumi katika majira ya baridi. Watu watano wameizunguka meza chini ya taa moja, viazi vinafuka moshi, na mwanamke mmoja anamimina kahawa. Katika barua kwa Theo, mdogo wake, alieleza kwamba alitaka ionekane wazi kuwa watu hawa wameichimba ardhi kwa mikono ile ile wanayoitia kwenye sahani, na kwamba rangi aliyoikusudia ni ya kiazi chenye vumbi ambacho hakijamenywa. Kwa hiyo wanafunzi wako waliosema matope waliona sawasawa. Rafiki yake mchoraji, Anthon van Rappard, aliukosoa vikali mno, na urafiki wao haukupona. Lakini miaka miwili baadaye, akimwandikia dada yake kutoka Paris, Van Gogh bado aliuona kuwa kazi yake bora kuliko zote.

Mimi nilikua tukila chakula cha usiku kwa mwanga wa kibatari kimoja, watu saba kwenye sinia moja, na vidole vya bibi yangu vilikuwa na nyufa zilizoshika udongo wa shamba hata baada ya kunawa. Niliposimama mbele ya mchoro ule, nikaviona vile vifundo vilivyovimba vikiuelekea mlo, nilimwona bibi.

Mikono hiyo ndiyo iliyonirudisha kwa Rembrandt, mchoraji mwingine wa Uholanzi, ambaye mchoro wake wa kurudi kwa mwana mpotevu, wa mwaka 1668 hivi, nimeuona kitabuni tu. Mwana amepiga magoti, unyayo mmoja uko wazi, na mikono ya baba imetua mgongoni pake, mmoja mpana na mzito, mwingine mwembamba na mlaini.

Ukirudi darasani, mwalimu, zifunike kwa karatasi nyuso zote zinazoonekana za Wala Viazi, kisha waulize wanafunzi ni nani kati ya watu hao aliyeshika jembe siku hiyo.