Kwa nini Iniesta kuliko wenzake

Umeuliza kwa nini Iniesta, kiungo wa zamani wa Barcelona, anapendwa karibu Hispania nzima kuliko wenzake wa timu ya taifa Ramos au Piqué, ilhali wote walibeba Kombe la Dunia 2010. Bao lake la dakika ya 116 dhidi ya Uholanzi ni sababu, ila kwangu kubwa zaidi ni alichofanya akishangilia: alivua jezi, na fulana ya ndani ilikuwa na jina la Dani Jarque, nahodha wa Espanyol aliyefariki 2009. Espanyol, mahasimu wa Barcelona mji mmoja! Mashabiki wao wakampigia makofi. Mashabiki wa Real Madrid nao walimpigia uwanjani kwao Bernabéu Novemba 2015, timu yao ikiwa imeshachapwa 4-0 na Barcelona. Piqué, naye wa Barcelona, alizomewa hata akiwa na jezi ya taifa.