Ukwaju au siki kwenye sosi tamu na chachu

Mhariri, swali lenu la wiki limeuliza kama ukwaju unaweza kushika nafasi ya siki kwenye sosi tamu na chachu, ile ya kumalizia kuku au mboga za kukaanga harakaharaka kwenye karai. Jibu langu ni hapana. Siki na ukwaju vyote vinakoleza uchachu, lakini uchachu wake haufanani, na anayebadilisha kimoja kwa kingine kijiko kwa kijiko ataishia kuilaumu sosi nzima bure.

Kwanza vipimo, maana bila vipimo tutabishana hewani. Kwa nusu kilo ya nyama na mboga zake, chukua siki ya asilimia 5 vijiko 4 vya chakula, sukari gramu 60 (vijiko 5 vya chakula vilivyosawazishwa), tomato sosi vijiko 3, soya sosi kijiko 1, chumvi robo kijiko cha chai, na maji mililita 80. Wanga wa mahindi kijiko 1 cha chakula, umekorogwa pembeni kwa vijiko 2 vya maji baridi. Utapata kama robo lita. Wanga ninaousema ni ule mweupe, laini kama poda, unaouzwa kwenye boksi dogo. Unga wa sembe hauwezi kazi hii: punje zake zina zaidi ya wanga mtupu, na utakachopata ni uji wenye chengachenga. Unga wa muhogo nao ni muhogo mzima uliosagwa. Hata wanga wake ukiuchuja vizuri, sosi itavutika kama mlenda.

Siki igawe. Vijiko 3 viingie mwanzoni na sukari na tomato sosi, kimoja kibaki hadi moto umezimwa. Asidi ya siki huondoka na mvuke, ndiyo maana jikoni panawasha pua wakati sosi inachemka. Ile harufu kali inayomfanya mlaji ameze mate kabla hajaonja ndiyo inayopotea kwanza. Asidi ya ukwaju, tatariki, hairuki. Chemsha saa nzima, uchachu uko palepale, lakini pua haiupati. Unaukuta ulimini, umetulia. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kusema hapana: mkaango wa haraka unataka harufu ipande pale sahani inapowekwa mezani, na ukwaju peke yake haupandi.

Rangi nayo. Siki nyeupe haina rangi, kwa hiyo wekundu wa nyanya unang'aa. Ukwaju ni kahawia, na ukichanganywa na soya sosi unatoa sosi yenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Kwa nyama ya ng'ombe si neno. Kwa kuku wa kidari au samaki mweupe, sahani inaonekana imechakaa kabla ya kuliwa.

Lakini lipo jambo moja ambalo ukwaju husingiziwa, nalo lazima nilieleze kwa urefu, kwa sababu nadhani ndilo lililowafanya wengi wenu muulize. Wanasema ukwaju "unakata" sosi, kama tui linavyokatika.

Chukueni jiko la kichenpati moja, hapa Dar es Salaam. Kulikuwa na sufuria kubwa ya sosi ya ukwaju ya watu 40, karibu lita 2 na nusu, juu ya jiko la mkaa. Pembeni, sufuria ndogo ya sosi ya siki kwa ajili ya meza ya wakwe. Sosi kubwa ilitiwa wanga saa sita kasorobo. Ilikuwa nzuri kweli: ukipitisha kidole nyuma ya mwiko, mstari unabaki. Ikafunikwa, ikaachwa ichemke polepole juu ya makaa ikisubiri kuku waishe kukaangwa. Saa sita na robo ilikuwa imelegea, inamwagika kutoka kwenye upawa kama mchuzi wa kawaida. Shangazi mmoja akaunyunyiza wanga mkavu moja kwa moja kutoka kwenye boksi. Yakatokea madonge, meupe katikati, maana nje ya kila donge iliiva papo hapo na kuzuia maji yasifike ndani. Madonge yakachujwa, ukakorogwa wanga mwingine kwa maji, sosi ikashika tena. Saa saba kasorobo ikalegea tena. Kufikia hapo ilikuwa imekula karibu mara mbili ya wanga iliyohitajiwa, inanuka unga, na kwa kuwa wanga mwingi hufunika ladha, mtu akaongeza sukari, mwingine akaongeza chumvi. Kuku walipomwagiwa sosi ile, ganda lao lililokuwa linakwaruza likalowa kabla sinia halijatoka jikoni.

Sufuria ndogo ya siki ikatoka na mng'ao wake. Hukumu ikapitishwa hapo hapo: ukwaju haufai, turudi kwenye siki.

Wengine walisema ni mate, kwa sababu wapishi watatu walionja kwa mwiko mmoja na kuurudisha sufuriani. Hoja hiyo ina asili ya kweli. Kwenye mate kimo kimeng'enya kinachovunja wanga, na uji wa mtoto ukionjwa kwa kijiko kikarudishwa bakulini hulegea. Lakini kimeng'enya hicho hakistahimili uchachu mkali, na sosi inayochemka hukiua. Mate si adabu, ila kwa kosa hili hayana hatia.

Kosa lilikuwa saa. Wanga ukichemshwa kwenye maji huvimba na kushika sosi. Ukiendelea kuchemshwa kwenye asidi, minyororo yake mirefu hukatwa vipande vifupi, na vipande vifupi haviwezi kushika maji. Kadiri moto unavyodumu ndivyo sosi inavyorudi kuwa maji, na hakuna kukoroga kutakakoiokoa. Sosi ya siki ilipona kwa sababu ilitiwa wanga dakika ya mwisho, kwa kuwa wakwe walichelewa. Kama nayo ingekaa juu ya makaa saa nzima, ingelegea vilevile. Majirani wawili walihukumiwa kwa saa tofauti.

Nimesema vilevile, na hapo niongeze haki kidogo. Tatariki ni asidi kali kuliko ile ya siki, tena haipungui kwa mvuke. Kwa hiyo kwenye sufuria mbili zinazochemka muda sawa, ya ukwaju italegea mapema. Ukwaju haukuwa malaika. Ila aliyeuacha juu ya moto saa nzima ndiye aliyeupa muda wa kufanya hivyo.

Dawa yake ni fupi. Sosi ichemke na viungo vyote isipokuwa wanga, ionjwe, irekebishwe, isubiri hata masaa. Wanga ukoroge tena kabla ya kumimina, kwa sababu hukaa chini ya kikombe na unaweza kumimina maji matupu bila kujua. Mimina taratibu sosi ikiwa inachemka, huku unakoroga. Hesabu dakika 1 tangu ianze tena kububujika: ikiwa chini ya hapo inabaki na ukungu na ladha ya unga mbichi. Ikishang'aa, epua. Na kama umetumia wanga wa viazi badala ya mahindi, mng'ao utakuwa mzuri zaidi lakini italegea haraka zaidi, kwa hiyo hiyo ni ya kula papo hapo tu.

Nikiwa naandika haya, naona hapana yangu ya mwanzo ilikuwa kali mno. Mlo huu asili yake ni China, na huko kwenyewe hauna sura moja. Harbin, kaskazini-mashariki, nyama ya nguruwe iliyopakwa wanga wa viazi hukolezwa kwa siki na sukari bila nyanya kabisa. Kusini, Guangdong na Hong Kong, ndiko yaliko mapishi yenye nanasi na pilipili hoho ambayo hoteli nyingi za Kichina duniani zimeyafuata, na huko wapo wapishi wanaochemsha tunda dogo jekundu liitwalo shanzha ndani ya sosi ili kupata uchachu wa tunda juu ya ule wa siki. Kama tunda lina nafasi kule, ukwaju, ambao sisi wa pwani tunaula kwenye chatini ya bajia tangu utotoni, si mgeni wa kufukuzwa mlangoni. Ila wao tunda hawakuliacha peke yake. Siki ilikuwepo.

Hivyo vipimo vya ukwaju ningeviweka hivi. Gramu 50 za ukwaju uliomenywa, na kokwa zake, loweka kwenye mililita 150 za maji ya moto kwa dakika 20. Kamua kwa mkono, chuja kwenye chujio la chai huku unasukuma kwa kijiko. Utapata kama mililita 120 za rojo. Tia sukari gramu 50 kwanza, sio 60, kwa sababu ukwaju una sukari yake, na miti haifanani: mwingine mtamu, mwingine unakunja uso. Onja ndipo uongeze. Tomato sosi ipungue hadi kijiko 1, soya sosi ibaki kijiko 1, maji mililita 60. Wanga punguza hadi vijiko 2 vya chai, maana ukwaju una pektini, kile kitu cha matunda kinachogandisha jamu, na una uzito wake. Ukiweka kipimo kile cha siki sosi itaganda kama jeli ikipoa. Mwisho kabisa, moto ukiwa umezimwa, kijiko 1 cha chai cha siki. Hicho kimoja ndicho kitakachopanda puani.

Pikieni kwenye sufuria ya stili. Alumini na asidi haviendani, na ukwaju ukilazwa humo usiku mzima asubuhi una ladha ya bati.

Kwenye karai sitakaa sana. Kaanga nyama kwanza utoe, kisha vitunguu, karoti, hoho, mwisho nanasi, moto mkali, nusu ya kiasi kwa kila mkupuo kama unatumia mkaa, kwa sababu karai lililojaa hupoa na mboga zinatoa maji badala ya kukaangika. Maji hayo yatailegeza sosi yoyote, ya siki au ya ukwaju. Sosi iingie, nyama irudi, geuza nusu dakika, pakua. Nanasi bichi usililoweke na nyama zaidi ya nusu saa: lina kimeng'enya kinachoila nyama mpaka inakuwa kama imetafunwa. Likichemka halina madhara.

Basi jibu langu, baada ya yote, ni ndiyo kwa nyama ya ng'ombe, mbuzi, bata na biringanya, mradi kijiko kile cha siki kiwepo mwishoni. Kwa samaki mweupe na kidari cha kuku bado nasema siki. Kwa shughuli ya watu wengi, ambapo chakula husubiri wageni, ukwaju unafaa hata kuliko siki, kwa sababu uchachu wake haupotei sufuria ikisubiri, lakini hapo ndipo wanga unapotakiwa ubaki kwenye kikombe chake mpaka mshereheshaji atangaze chakula. Ya kuweka akiba, iweke bila wanga kwenye chupa ya kioo ndani ya friji, wiki moja. Yenye wanga hutoa maji ikilala, na ukiipasha ili iungane tena unaurudisha wanga kwenye asidi na moto.